Mama lishe wa Kigongo na hesabu ya jiko ndani ya gari

KWA miaka mingi foleni ya kivuko ndiyo iliyowalisha mama lishe wa Kigongo, wilayani Misungwi. Abiria aliyesubiri MV Misungwi au MV Mwanza kuvuka kwenda Busisi alikuwa na muda wa kula ugali kwa sato, na dereva wa lori aliweza hata kurudia chai. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Sasa kuvuka ni dakika chache, na gari halina sababu ya kusimama Kigongo.

Mteja akihama, jiko nalo halina budi kumfuata: njia panda ya Usagara, Fela, Mabuki, na kwenye minada ya ng'ombe inayokusanya watu siku moja kisha ikatawanyika. Ndipo linapokuja wazo la kununua Toyota Hiace iliyochoka kubeba abiria na kuigeuza jiko na malazi. Wazo si baya. Fedha huanza kupotea pale gari linapofikishwa kwa fundi wa kuchomelea kabla mwenyewe hajapima chochote.

Aanze na kimo. Hiace ya paa la kawaida ina nafasi ya takriban mita 3 nyuma ya viti vya mbele, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.3 tu. Hakuna mtu mzima atakayesimama humo akasonga ugali. Jiko na likae ukingoni mwa mlango wa nyuma, mpishi asimame nje chini, na mlango ule unaofunguka kwenda juu umkinge jua. Kuinua paa kunawezekana, ila ni gharama, na gari refu huyumba zaidi kwenye upepo.

Dirisha la kuuzia liwe kushoto. Magari yetu hupita kushoto, hivyo ubavu huo ndio unaoelekea pembezoni mwa barabara. Likitobolewa kulia, wateja watapanga foleni mbele ya malori.

Kisha uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo madumu 3 ya lita 20 ni kilo 60 kabla ya mchele na masufuria. Vitu vizito vikae chini, karibu na magurudumu ya nyuma, vikigawanywa pande zote mbili. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele na sakafu ya hapo hupata joto. Nyanya na samaki wabichi wasiwekwe jirani.

Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kwa mkanda ndani ya kisanduku kinachofunguliwa kwa nje na chenye matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na dirisha la juu halitasaidia kitu. Anayetumia mkaa asilale na jiko ndani, hata likionekana kuzimika. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Kitanda ndicho kinachohitaji hesabu ya kibiashara. Kikiwa cha kudumu hula nafasi mchana kutwa bila kuingiza hata shilingi, kikisubiri usiku wa kuamkia mnada. Afadhali kiwe kifuniko cha stoo: sanduku la mbao la mita 1.8 kwa sentimita 60 ubavuni kulia, ndani unga na mchele, juu godoro. Hapo inabaki njia ya sentimita 90 kulifikia dirisha, na mita 1.2 nyuma kwa ajili ya jiko.

Kabla ya kununua mbao, vipimo hivyo vichorwe kwa chaki uani. Apange meza na ndoo, kisha apike mlo mzima wa mchana bila kuvuka mstari, huku akihudumia majirani. Kiwiko kinapogonga, mstari ufutwe.

Bodi nayo isikatwe kabla ya kuuliza TRA, polisi wa usalama barabarani na kampuni ya bima kuhusu kubadili matumizi ya gari. Leseni ya biashara hutoka halmashauri, na muuza chakula hupimwa afya. Halmashauri pia ndiyo hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, lakini kikundi kikubaliane mapema nani ataendesha na nani atalipia gereji. Kisichoafikiana hapo kianze na guta la magurudumu matatu, ambalo jiko lake hupangwa kwa chaki ileile.