Kujitolea kufundisha Kiingereza: tuchague mlima au lugha?

Likizo ndefu inapokaribia, wenzetu wengi kitivoni huulizana waende nchi gani kujitolea kufundisha Kiingereza. Swali la kwanza huwa juu ya mandhari: kuna milima? kuna ziwa? Kwa mwanafunzi wa lugha, naona hilo lingekuwa swali la mwisho. Nitaeleza kwa mfano wa Butembo na Beni, Kivu Kaskazini.

Kwa mandhari, huko hakuna upungufu. Butembo imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Beni ukielekea mashariki unaikuta Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Chini yake kuna Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kuingizwa katika urithi wa dunia 1979. Lakini tangu Oktoba 2014 raia wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa kwa makundi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola ilizipiga Beni na Butembo, na Mei 2021 jimbo zima likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mgeni asiye na ndugu wala mwenyeji huko sitamshauri aende sasa.

Wengi huchagua upande wa pili wa mlima huohuo, yaani Kasese na Fort Portal nchini Uganda. Huko nako si kwa kufumba macho: Juni 2023 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka, walivamiwa usiku na kuuawa. Picha ya theluji haimwambii mtu lolote kuhusu njia ya kwenda shuleni.

Hata hivyo, haja ya Kiingereza Butembo ni ya kweli. Ni mji wa wafanyabiashara. Bidhaa hupita Kasindi, na wenye maduka hufuata mali Kampala, Dubai na Guangzhou. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mtu anayejifunza lugha hiyo anataka kusoma ankara, kupatanisha bei kwa simu, na kumjibu afisa wa mpakani bila kuhitaji mkalimani wa kulipwa. Mwalimu anayekuja na nyimbo za watoto kwa wiki sita hamsaidii mtu huyo.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Mwanafunzi wa Butembo haji darasani mtupu. Nyumbani anasema Kinande, sokoni Kiswahili, shuleni Kifaransa. Kiswahili kina irabu tano. Kinande kina irabu saba zinazotofautisha maana, kwa sababu kina i mbili na u mbili, kutegemea kama mzizi wa ulimi umesogezwa mbele au la. Ukiandika kwa herufi tano za Kiswahili, kitenzi cha kulima na kitenzi cha kuangamiza vyote viwili vinakuwa *erilima*. Mnande havichanganyi anapovisikia: cha kuangamiza kina i ya ulimi uliosogezwa mbele, cha kulima hakina, na kwa upatanifu wa irabu kiambishi cha mwanzo nacho hubadilika kufuata mzizi.

Sasa chukua Kiingereza *live* na *leave*. Mpakani, anayetaka kusema anaishi Butembo anaweza kueleweka kuwa anaondoka Butembo. Mwalimu akipitia Kifaransa au Kiswahili kufundisha jozi hii, anapitia lugha zisizo na i mbili za namna hiyo. Akipitia Kinande, anamkumbusha mwanafunzi tofauti ambayo sikio lake linaijua tangu utotoni. Sauti hizo hazilingani sawasawa, kwani Kiingereza huongeza pia tofauti ya urefu, lakini hatua ya kwanza, ya kusikia kwamba ni irabu mbili, imekwisha kupigwa. Kifaransa nacho kina kazi yake: kinafungua maelfu ya maneno ya maandishi, ingawa kina mitego, kama *librairie*, duka la vitabu, ambalo mwanafunzi hulifananisha na *library*.

Nani basi anafaa kufundisha huko? Jibu liko ng'ambo ya mlima. Wakonzo wa Kasese wanasema Lhukonzo, lugha inayoelewana na Kinande. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu zimepewa namba jirani, JD41 na JD42. Nchini Uganda mtoto huanza shule kwa lugha ya eneo lake, kisha kuanzia darasa la nne hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu Mkonzo ana lugha mbili ambazo darasa la Butembo linazihitaji, naye ataendelea kuwa jirani baada ya likizo yetu kwisha.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetaka kuiona Rwenzori, nenda Kasese, lakini nenda ukafanye kazi na walimu wa huko. Andaeni jozi za sauti na mazungumzo ya mpakani yaliyoelezwa kwa Lhukonzo, ili yavuke Kasindi hata kama wewe huwezi kuvuka. Na popote utakapofikiria kwenda, uliza kwanza: wanafunzi wanasema lugha gani nyumbani, na mimi ninajua nini juu ya sauti zake? Wanakitaka Kiingereza kwa kazi gani? Nani ataendelea nikiondoka? Nani wa pale atakayeniambia ukweli kuhusu usalama? Ukishapata majibu manne, uliza kuhusu mlima.