Yaya wa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo: Mlezi Asiyefika Kliniki

Mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu alilazwa katika hospitali moja jijini Dar es Salaam kwa ugonjwa wa nimonia, ikiwa ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa na mtindio wa ubongo, shingo yake ilikuwa haijakaza, na uzito wake ulikuwa umepungua. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na jibu kwa kila swali: dawa za kifafa anapewa, uji anakunywa vizuri, degedege limekoma. Ndipo mtaalamu wa fiziotherapia alipouliza:

"Mama, mchana anamlisha nani?"

"Dada ndiye anayemlisha."

"Na dada yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani, anafua."

Siku ya pili dada aliitwa, akaombwa amlishe mtoto kama afanyavyo kila siku. Alimlaza chali mapajani, akamrudisha kichwa nyuma, akammiminia uji kwa kikombe. Hakuwa mzembe wala katili. Ndivyo alivyomwona bibi yake akiwanywesha watoto kijijini, na tangu aajiriwe hakuna aliyemwonyesha namna nyingine. Alipoulizwa kuhusu degedege, alisema kwa sauti ya chini kwamba halijakoma: karibu kila siku adhuhuri mtoto hukodoa macho upande mmoja na mdomo wake hutikisika. Hakuwahi kumwambia mama, kwa kuhofia kudhaniwa kuwa ndiye aliyesababisha.

Kwa hiyo daktari alikuwa akipanga dozi kwa taarifa pungufu, na mapafu ya mtoto yalikuwa yakiumia mchana, mama akiwa darasani. Kisa hiki, kwa sura moja au nyingine, ni cha familia nyingi. Yaya hutafutwa kwa haraka, huelezwa machache, huachiwa mtoto siku nzima, kisha husahaulika siku ya kliniki.

Ukweli utangulie nauli

Mara nyingi dada wa kazi hupatikana kwa njia ya jamaa au jirani. Simu hupigwa Iringa, Singida au Dodoma, nauli hutumwa, na msichana hupokewa stendi. Katika simu ile huambiwa tu kwamba kuna mtoto mdogo "asiyesumbua". Familia huficha hali ya mtoto kwa hofu kwamba hakuna atakayekubali kuja. Matokeo yake ni kinyume: msichana hushuhudia degedege la kwanza akiwa peke yake, hudhani ni mapepo, na wiki ya pili hufunga mizigo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwombaji wa kazi anastahili kujua, kabla hajapanda basi, umri na uzito wa mtoto; kama anaweza kuketi, kutembea, kusema na kumeza; kama ana degedege na linavyoonekana; dawa anazotumia; kama anavaa nepi; na kama huamka usiku. Aelezwe pia kwamba mtindio wa ubongo hauambukizi, wala si laana. Hutokana na ubongo kudhurika au kutokua ipasavyo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Miongoni mwa visababishi ni kukosa hewa wakati wa uzazi, manjano kali isiyotibiwa na homa ya uti wa mgongo. Atakayekataa baada ya kuambiwa hayo amemwepusha mtoto na maumivu ya kuachwa. Atakayekubali amekubali akijua.

Nani afaaye

Kazi hii si ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumpa kazi ya hatari au ya usiku. Mtoto mwenye degedege huhitaji macho ya mtu mzima hata saa nane za usiku, na mtoto mwenye kilo 12 leo atakuwa na kilo 20 baada ya miaka michache, naye bado atahitaji kubebwa.

Elimu kubwa si sharti. La muhimu ni utulivu, subira, na moyo wa kuuliza. Familia ichukue utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anakotoka, na izungumze na mwajiri wake wa awali, kama yupo. Kisha kuwe na wiki mbili ambazo mzazi au ndugu anayemjua mtoto atashinda naye nyumbani. Katika siku hizo yapo mambo ya kutazama: je, humsemesha mtoto hata kama hajibiwi? Chakula kikichukua dakika 40, hukasirika? Akikosea, husema?

Mambo manne ya kufundishwa

La kwanza ni kulisha. Mtoto aketishwe wima, mgongo umeegemezwa, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Chakula kiwe laini na kizito kiasi, kama viazi au ndizi zilizopondwa. Uji mwepesi humpalia kwa urahisi. Kijiko kiwe kidogo, na kijiko kingine kisifuate kabla hajameza. Baada ya mlo abaki ameketi kwa nusu saa. Akikohoa, akitokwa na machozi, au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, mlo usimamishwe na kliniki ijulishwe.

La pili ni degedege. Alazwe kwa ubavu mahali salama, nguo za shingoni zilegezwe, na saa itazamwe. Asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, asimwagiwe maji, wala asikandamizwe. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Namba ya simu ya mzazi na ya mwendesha bodaboda au teksi wa jirani zibandikwe ukutani.

La tatu ni dawa. Ratiba iandikwe, na kila dozi iwekewe alama baada ya kutolewa. Dawa za kifafa haziachwi ghafla, hata kama mtoto anaonekana mzima, wala haziongezwi bila ushauri wa daktari.

La nne ni kumbeba na kumbadilisha mkao. Mbebaji akunje magoti, amsogeze mtoto karibu na kifua, na asiinue kwa nguvu ya kiuno. Mtoto asiyeweza kujigeuza abadilishwe mkao angalau kila baada ya saa mbili, ili viungo visikakamae na ngozi isipate vidonda.

Haki ya mlezi ni afya ya mtoto

Mlezi aliyechoka hulisha kwa haraka. Kwa sababu hiyo, suala la mapumziko ni la kitabibu pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Makubaliano ya mshahara na majukumu yaandikwe, na familia iamue mapema: je, ataweza kumhudumia mtoto huyu na bado kufua, kupika na kuteka maji? Baba, bibi au shangazi naye ajifunze kulisha na kutoa dawa, ili dada akienda likizo mtoto asibaki bila mlezi.

Ulinzi nao usisahauliwe, kwa kuwa mtoto asiyesema hawezi kushtaki. Michubuko isiyo na maelezo, kuogopa kuguswa, kukonda au kusinzia kupita kawaida ni dalili za kuchunguzwa bila kuchelewa. Msaada hupatikana kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Kwa wahudumu wa afya

Swali la "nani anashinda na mtoto?" liulizwe katika kila hudhurio, na jibu liandikwe kwenye faili. Mlezi huyo aalikwe. Afundishwe kwa vitendo, kisha aombwe aonyeshe alichojifunza. Kutikisa kichwa si ushahidi wa kuelewa. Apewe nafasi ya kuzungumza faraghani, maana mbele ya mwajiri wake huenda akanyamaza. Na akikosea asikaripiwe, kwa kuwa anayekaripiwa leo ataficha kesho.

Kwa yule mtoto wa miaka mitatu na nusu, dozi ilirekebishwa na dada akafundishwa kulisha kwa muda wa siku nne, hapo hapo wodini, akishirikiana na baba. Mama, aliyekuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, hakuipeleka. Walipokuja kliniki mwezi uliofuata walikuwa watatu, na dada alikuwa na daftari lenye tarehe na saa za kila degedege. Daktari alilifungua, akalisoma, kisha akamgeukia yeye kwanza:

"Haya dada, tueleze. Wiki hii imekuwaje?"