Kupatanisha Misimbo ya Lugha katika Madaftari ya Matangazo: Mfano wa Lokori, Turkana

1. Utangulizi

Tangazo la redio huandikwa daftarini kabla halijasikika: jina la aliyelileta, siku, saa, mahali linapokusudiwa kufika, na lugha. Zamani lugha iliandikwa kwa jina lake. Siku hizi, kazi hiyo ikiwa imehamia kwenye kompyuta, aghalabu huandikwa kwa msimbo wa herufi mbili au tatu. Ofisi inayopokea tangazo ikitumia mfumo mmoja wa misimbo, na kituo kinachotangaza kikitumia mwingine, hapana budi misimbo hiyo ipatanishwe. Kazi hii ni rahisi kuachiwa mafundi wa kompyuta, kana kwamba ni ya kulinganisha herufi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni kazi ya isimu, na kwamba kosa linalotendeka ndani yake humwangukia msikilizaji, ambaye hana njia ya kulijua.

Mfano utakaotumiwa ni wa Lokori, mji ulio kando ya Mto Kerio katika Turkana Mashariki. Wenyeji husema Kiturkana, ambacho wenyewe hukiita Ng'aturkana. Upande wa kusini wako jirani zao Wapokot. Kiturkana ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, ilhali Kipokot ni ya Kiniloti cha Kusini. Msemaji wa moja hamwelewi msemaji wa nyingine asipojifunza.

2. Mifumo yenyewe

Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Usanifishaji lilitoa orodha ya herufi mbili iitwayo ISO 639, ambamo Kiswahili ni sw na Kisomali ni so. Kiturkana hakimo. Mwaka 1998 ilitoka orodha ya herufi tatu, ISO 639-2, iliyokusudiwa hasa kwa kazi za maktaba. Mwaka 2007 ilifuata ISO 639-3, yenye misimbo zaidi ya 7,000, iliyokusudia kuipa kila lugha inayojulikana msimbo wake. Hapo ndipo Kiturkana kilipopata msimbo tuv na Kipokot pko. Mwaka 2023 sehemu hizo ziliunganishwa katika kitabu kimoja, lakini kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa kwa misimbo ya awali hazikubadilika kwa sababu hiyo.

Kwa wanaisimu wa lugha za Kibantu upo pia mfumo wa Malcolm Guthrie, ambamo Kiswahili ni G42 na lahaja zake hutajwa kwa herufi ndogo, kama vile G42d kwa Kiunguja. Mfumo huo haugusi lugha za Kiniloti. Kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha pamoja mahali kama Turkana.

3. Kiturkana kinavyopotea

Katika orodha ya mwaka 1998, lugha ilistahili msimbo wake ikiwa na hati zisizopungua 50 katika maktaba moja, au jumla ya hati hizo katika maktaba zisizozidi tano. Kijaluo kilipata luo, Kiacholi ach, na Kimaasai, ambacho ni ndugu wa Kiturkana katika Kiniloti cha Mashariki, kikapata mas. Kiturkana hakikupata. Kiliingizwa katika ssa, msimbo wa lugha nyinginezo za jamii ya Nilo-Sahara, pamoja na Kipokot, Kikaramojong, Kitoposa na Kinuer. Ni dhahiri kwamba kipimo hicho hakikuwa cha wasemaji bali cha vitabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Waturkana zaidi ya milioni moja.

Chukulia, basi, kwamba ofisi ya Nairobi inaandika kwa ISO 639-2, na kituo cha Lodwar kinaandika kwa ISO 639-3. Linaletwa tangazo la chanjo ya mifugo, limesomwa kwa Kipokot kwa ajili ya wafugaji wa kusini, na jingine limesomwa kwa Kiturkana kwa ajili ya Lokori. Katika daftari la Nairobi yote mawili ni ssa. Yakifika Lodwar, mashine iliyoagizwa kugeuza kila ssa kuwa tuv italipeleka tangazo la Kipokot kwa Waturkana. Hesabu za pande zote mbili zitalingana, malipo yatakuwa sawa, wala hakuna atakayelalamika ofisini. Atakayekosa chanjo ni mfugaji.

Kugeuza tuv kuwa ssa kunawezekana daima. Kugeuza ssa kuwa tuv hakuwezekani bila habari nyingine. Njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo.

4. Kiswahili nacho

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni la lugha zenye maandishi machache tu. Katika ISO 639-3, swa ni msimbo wa mwavuli wenye misimbo miwili chini yake: swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wamo Wakongo wengi. Tangazo lenye swa halisemi kama limesomwa kwa Kiswahili cha Bukavu au cha Nairobi. Kadhalika Kipokot kimewekwa chini ya kln, mwavuli wa lugha za Kikalenjin, hata ikawa daftari moja laweza kuandika kln na jingine pko kwa tangazo lile lile.

Kurudia majina badala ya misimbo hakuponyi. Wapokot waliitwa Suk katika maandishi ya kikoloni, na Ng'aturkana huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja.

5. Utaratibu unaofaa

Kwanza, msimbo wa asili usifutwe. Uhifadhiwe kando ya ule mpya. Pili, kila ulinganisho ujaribiwe kwa kwenda na kurudi: msimbo usiporejea ulivyokuwa, kumbukumbu hiyo haijapatanishwa. Tatu, mahali pasitumiwe kama ushahidi wa lugha, kwani si kila tangazo la Turkana Mashariki ni la Kiturkana. Nne, panapokosekana habari, iandikwe und, yaani lugha isiyobainishwa, na msemaji wa lugha asikilize tangazo kabla halijapewa nafasi. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

6. Hitimisho

Msimbo wa lugha ni uainishaji uliofupishwa. Nyuma ya ssa iko nadharia ya Joseph Greenberg ya mwaka 1963 kuhusu jamii ya Nilo-Sahara, ambayo wanaisimu hawajakubaliana juu yake hadi leo. Iko pia hesabu ya vitabu vya maktaba za mbali. Anayepatanisha madaftari mawili huamua, apende asipende, lugha ipi ni lugha na ipi ni "nyinginezo". Idara za lugha zinao ujuzi wa uamuzi huo, na haifai uendelee kufanywa bila wao.