FENI ISIWE MVUKUTO WA MOTO

Yeyote asafiriye kutoka Biharamulo kwenda Ngara, hata mpaka wa Rusumo, huiona minara ya simu imesimama juu ya vilima. Kwa minara hiyo mkulima hupokea fedha zake, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku huitiwa gari. Mnara ukinyamaza, apataye hasara si kampuni tu, bali ni mwananchi.

Adui mmoja wa minara hiyo ni joto. Mitambo iliyo katika makabati chini ya mnara hula umeme usiku na mchana, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Ndipo huwekwa feni, na kifaa cha kupima joto huiamuru izunguke polepole au upesi. Huo ni utaratibu wa busara, kwani feni ikienda nusu ya mwendo wake hula kama sehemu moja ya nane tu ya umeme.

Lakini kifaa kisichojua ila joto chaweza kutuangamiza. Waya ukishika moto, chenyewe hudhani ni jua la kiangazi, huongeza kasi, na feni hugeuka mvukuto wa mhunzi. Kwa hiyo hapana budi kiwepo kitambuzi cha moshi, kisimamishe feni, kikate umeme wa mitambo pamoja na ule wa betri, na kuwaarifu mafundi. Kusimamisha feni peke yake hakutoshi, maana mitambo iliyoachwa na umeme bila upepo huzidi kuungua.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 8 Mei 1988 moto katika kituo cha simu cha Hinsdale, Marekani, uliwakatia mawasiliano wateja wapatao 35,000. Tarehe 7 Julai 2025 jengo la simu la Ramses mjini Cairo liliungua, watu wanne wakafa, na simu na intaneti zikavurugika nchini Misri. Ikiwa miji yenye zimamoto karibu ilipata msiba huo, kilima kilicho mbali na mji kitakuwaje?

Basi twayataka makampuni yasionee uchungu gharama ya kitambuzi hicho. Fundi asafishe vichujio vya vumbi na kuijaribu feni kila azurupo. Mlinzi afundishwe kupiga 114, wala asiingie penye moshi; tena apewe njia nyingine ya kupeleka habari, kwa kuwa mnara uunguao hauwezi kujiitia msaada. Viongozi wa mashina nao wawaongoze wananchi kufyeka majani kuzunguka uzio kabla ya kiangazi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo; mkono na mkono ndipo uzimwapo.