Kupima Mizani kwa Mashine: Mradi wa Mwaka wa Mwisho Baina ya Fasihi na Fizikia

Utangulizi

Miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi kuna kasumba moja: tukisikia neno sayansi tunawaza maabara, na tukiwaza maabara tunakimbia. Wenzetu wa upande wa pili nao, wakisikia ushairi, wanacheka. Matokeo yake, mwaka wa mwisho ukifika tunarudia mada zilezile: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha katika riwaya fulani. Makala hii fupi inakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa kawaida, mwenye muda mchache na bumu dogo, anavyoweza kufanya utafiti unaounganisha taaluma mbili. Mfano tutakaoutumia ni mizani.

Swali ndilo linalounganisha

Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alisisitiza urari wa vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), yenye mashairi yasiyofuata urari huo, moto ukawaka. Mgogoro huo tumeusoma mpaka tumechoka. Lakini hebu tutazame: watetezi wa mizani walishikilia kwamba shairi sharti liimbike, na bado sisi tunahesabu silabi kwenye karatasi, ambayo haitoi sauti.

Basi tuulize: mghani akikutana na mshororo wenye mizani 15 mahali palipotakiwa 16, anafanya nini? Anavuta silabi moja ili kuziba pengo, ananyamaza kidogo, au anauacha mshororo uwe mfupi?

Hilo ni swali moja, lakini taaluma moja hailiwezi. Mtu wa fizikia atapima urefu wa silabi, ila hajui silabi ni ipi. Neno mbwa lina silabi mbili (m-bwa), na mbuzi nalo mbili (mbu-zi), ingawa m ya kwanza inasimama peke yake na ya pili haisimami. Labda ni silabi mbili. Mtunzi akitaka tatu anaandika labuda. Mtu wa fasihi anayajua hayo yote, lakini sikio lake peke yake halitamwambia silabi imevutwa kwa milisekunde ngapi.

Swali likiweza kujibiwa na upande mmoja, upande wa pili unabaki pambo tu: sura moja ya grafu iliyobandikwa katikati ya tasinifu ya dhamira. Msomaji makini ataliona hilo mara moja.

Piga hesabu kabla ya kurekodi

Kifaa kipo. Praat ni programu ya bure iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Inaonyesha sauti kama picha, wewe unaweka mipaka ya silabi kwa mkono, nayo inakupa muda wa kila moja.

Kazi hiyo si mchezo. Tuseme umepanga mashairi 6 ya tarbia, kila moja beti 5, na waghani 4. Ubeti una mishororo 4 ya mizani 16, yaani silabi 64. Beti 5 ni silabi 320. Mashairi 6 ni 1,920. Waghani 4 ni 7,680. Ukitumia nusu dakika kwa kila silabi, hizo ni saa 64 mbele ya kompyuta. Mashairi yakiwa 2 na waghani 3, unabaki na silabi 1,920, saa 16. Hapo unaweza kumaliza na mitihani ukafanya.

Mitego

Mtego wa kwanza ni wa takwimu. Silabi 1,920 zinatia moyo, lakini zimetoka kwa watu 3. Kumwuliza mtu mmoja jambo mara 640 siyo kuwauliza watu 640. Kwa hiyo usiandike ati "waghani wa Kiswahili hufanya hivi". Andika kwamba hawa watatu walifanya hivi.

Mtego wa pili ni wa ulinganisho. Silabi ya mwisho inaweza kuvutwa hata mizani ikitimia, kwa sababu ya pumzi au mahadhi. Ndiyo maana inafaa yale mashairi 2 yawe shairi moja lenye sura mbili: moja kamili, na nyingine ambayo mishororo michache imepunguzwa silabi moja moja. Mahadhi yawe yaleyale. Mghani aelezwe mapema kwamba baadhi ya mishororo imebadilishwa, naye akubali kurekodiwa. Ila asionyeshwe ni ipi.

Mghani mzoefu anaweza kusimama katikati na kusema, "Mwanangu, hapa pamepungua." Jamani, msifute sehemu hiyo! Hiyo nayo ni data, wala mashine haitaipima. Andika amesimama wapi na amerekebisha kwa neno gani.

Mtego wa tatu ni wasimamizi wawili. Mmoja anataka majedwali, mwingine anataka hoja, na mwanafunzi anajikuta anaandika tasinifu mbili. Dawa yake ni ukurasa mmoja wenye swali, mbinu na namna ya kusahihisha, ambao wote wawili wameukubali kabla hujarekodi hata ubeti mmoja.

Hitimisho

Waghani wakiziba pengo, tutakuwa na ushahidi kwamba mizani inakaa katika muda wa wimbo, na hesabu ya karatasini ni alama yake tu; guni la kwenye karatasi huenda lisiwe guni masikioni. Wakiliacha pengo wazi, hoja ya kuimbika itahitaji nguzo nyingine. Vyovyote itakavyokuwa, vipimo havitatuambia kama Kichomi ni ushairi mzuri au mbaya. Kazi hiyo bado ni ya mhakiki, ila sasa atabishana akiwa na kitu mkononi.

Wenzetu wa mwaka wa pili, anzeni kulitafuta swali sasa, msingoje wiki mbili kabla ya kuwasilisha pendekezo. Na mkimwona mtu wa fizikia kantini, mkaribisheni chai.