Msamaha wa Malipo ya Dawa England: Saini Yako Ndiyo Dhamana

Miongoni mwa barua zinazotia hofu nyumbani kwa jamaa zetu walioko Uingereza, imo ile inayotoka Huduma ya Afya ya Taifa, NHS. Humwarifu mtu kwamba siku fulani alichukua dawa bila kulipa, kwamba haki yake ya kutolipa haikuthibitika, na kwamba sasa anadaiwa bei ya dawa pamoja na faini. Aghalabu anayeipokea si mdanganyifu. Ni mtu aliyejijua kuwa hana kitu, au ni mgonjwa, au ni mjamzito, akadhani hilo latosha.

Kwetu Tanzania mgonjwa asiye na uwezo hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akahojiwa, na akikubaliwa ndipo huandikiwa msamaha. Uchunguzi hutangulia. England mambo huenda kinyume. Mgonjwa huulizwa tu kama analipa au halipi, huweka alama katika kisanduku kimoja nyuma ya karatasi ya daktari, hutia saini na kuondoka na dawa. Ukaguzi huja baadaye, kwa kulinganisha kumbukumbu za serikali. Kwa hiyo mfamasia hakutoa msamaha wowote. Amepokea tamko la mgonjwa mwenyewe, na dhamana ya tamko hilo iko juu ya aliyetia saini.

Tumesema England kwa makusudi. Wales iliondoa malipo haya mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini 2010 na Scotland 2011. Aliyehama Glasgow kwenda Leicester huingia katika sheria nyingine kabisa.

Tangu Mei 2024 kila dawa hulipiwa pauni 9.90. Faini ni mara tano ya deni, ila haipiti pauni 100, na deni lenyewe hulipwa juu yake. Dawa mbili zilizochukuliwa kimakosa hufikisha pauni 118.80. Ukikaa kimya, huongezwa hadi pauni 50 nyingine.

Watu hukosea wapi? Kwanza, umaskini peke yake haumo katika orodha ya misamaha. Mwenye kipato kidogo hujaza fomu ya HC1, na akikubaliwa hupewa hati ya HC2. Pili, si kila ruzuku hufungua mlango. Posho ya mtoto, msaada wa kodi ya nyumba na malipo ya ulemavu havimsamehe mtu bei ya dawa. Mwenye Universal Credit husamehewa ikiwa ujira wake katika kipindi cha mwisho cha hesabu haukuzidi pauni 435, au pauni 935 kama anahesabiwa mtoto au amethibitika kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi. Basi mwezi huu ana haki. Mwezi ujao, akipata saa za ziada kazini, hana. Isitoshe, kwa miaka kadhaa karatasi ile haikuwa na kisanduku cha Universal Credit, na wanaoipata walielekezwa kuweka alama kwenye kile cha ruzuku ya wasio na kazi. Ni haki kulaumu wananchi kwa kutoelewa karatasi ya namna hiyo?

Mjamzito naye huhitaji cheti. Tumbo si ushahidi. Mwenye kisukari anayetumia dawa ana haki, lakini mpaka apate cheti, nacho kina tarehe ya mwisho. Pumu na shinikizo la damu havimo kabisa, kwa kuwa orodha ya maradhi ni ya mwaka 1968, na nyongeza yake kubwa ilikuwa saratani, mwaka 2009.

Barua ikifika, isifichwe kabatini kwa aibu. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza mwaka 2019 kwamba, katika faini milioni 5.6 za dawa na matibabu ya meno zilizotolewa tangu 2014, milioni 1.7 zilifutwa baadaye baada ya haki kuthibitika. Sheria pia humwachilia anayeonyesha kwamba hakukusudia ubaya wala hakuzembea. Kijana anayejua Kiingereza amsaidie mzazi wake kujibu kwa maandishi, na nakala ya cheti iambatishwe.

Tunachokihofia zaidi ni mzee anayelipa faini kisha akaacha kuchukua dawa za presha kwa kuogopa barua ya pili. Huyo, kama hana msamaha, anaweza kununua hati ya malipo ya awali kwa pauni 114.50, nayo humtosha mwaka mzima kwa dawa zozote atakazoandikiwa. Na anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Na mwenye shaka alipe siku hiyo, lakini aombe stakabadhi ya FP57 palepale dukani, kwani haitolewi baadaye. Akithibitisha haki yake ndani ya miezi mitatu, hurudishiwa fedha zake.