Chuki iliyofundishwa adabu

Don Black, aliyekuwa kiongozi wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan nchini Marekani, alikamatwa mwaka 1981 akijiandaa na wenzake kuvamia kisiwa cha Dominica kwa silaha. Jela alijifunza kompyuta. Mwaka 1995 akaanzisha tovuti ya Stormfront. Mtoto wake, Derek, alikulia humo, akijifunza kueneza ubaguzi uleule kwa upole, bila matusi wala bunduki. Upole huo ndio wa kuogopwa zaidi.

Chuoni Florida, mwanafunzi Myahudi alimwalika mlo wa Ijumaa jioni, mara kwa mara, bila kumhubiria. Mwaka 2013 Derek aliukana ubaguzi hadharani. Baba alidhani mtoto wake amedukuliwa.